Kadibodi Arobaini na Tatu

Vitabu vyote vilikuwepo, na hilo ndilo lililomshtua Fidèle kabla hata hajajua kwa nini.

Alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku saa nne asubuhi, Jumamosi, mikono ikinuka sabuni ya sakafu, akakuta sebule yao ya Hallunda, pembeni mwa Stockholm, imekuwa kama stoo ya bandari. Jumatatu mafundi wangeanza kubadilisha mabomba ya jengo zima, na karatasi ilishabandikwa mlangoni: kuta zote ziwe wazi. Séraphine, mkewe, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisema hii si nyumba bali ni ghala la karatasi na yeye ndiye mlinzi wake, alikuwa amefunga kila kitabu. Maboksi thelathini na moja yamepangwa hadi dirishani. Juu ya kila boksi ameandika kwa kalamu nene: KIVU 1. KIVU 2. MADINI. UMOJA WA MATAIFA. MAPROFESA WAONGO.

"Hakuna hata kimoja kilikunjika," Séraphine alisema kutoka jikoni. "Nilivifunga na mataulo, vile unapendaga. Ile kubwa ya majeshi ililala peke yake kama mutoto."

"Merci, Mama Gaëlle."

Alisema hivyo huku macho yakitafuta kona ya nyuma ya mlango, pale palipokuwa na masanduku mawili marefu ya plastiki. Palikuwa na ufagio.

"Na zile katuni?"

"Katuni zipi? Ah, zile za watu wa kuruka? Nilimupa Ahmed, yule muTanzania wa Skärholmen anauzaga za zamani. Alikuja jana usiku na gari, alisaidia hata kuteremsha sofa. Gaëlle ameshakuwa mutu mukubwa, nani atasoma zile?" Akachungulia mlangoni, uso umejaa ile furaha ya mtu aliyefanya kazi vizuri. "Nilijua ukiambiwa uchague, utachagua bitabu."

Fidèle aliketi juu ya MAPROFESA WAONGO.

Hakuweza kumlaumu. Kwa miaka yote hiyo kelele zake nyumbani zilikuwa za vitabu: usiweke kikombe hapo, usimwazime mtu huyo, nani amekunja ukurasa huu. Alikuwa msafishaji wa vyumba vya semina katika chuo kikuu kimoja mjini, na kila kiangazi chuo kilipotupa vitabu vilivyopigwa mhuri wa kuondolewa, yeye alivibeba kwa kigari cha ndoo. Siasa, vita, mikataba ya amani, nani alimuuzia nani bunduki. Hakupita darasa la sita, lakini alijifunza kuvisoma kwa njia yake: anaanza nyuma, kwenye orodha ya majina ya mahali, anashuka kwa kidole mpaka herufi L, anatafuta Lwashanga, kijiji cha kwao Kongo.

Lwashanga ilipatikana katika kitabu kimoja tu, kwenye aya moja tu. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Aya ilisema kwamba watu wa kijiji hicho waliingizwa katika ghala la pamba, mlango ukafungwa kwa mnyororo, na idadi ya waliokufa haijulikani. Alimwandikia profesa barua ya kurasa tisa kwa Kiswidi chake. Mnyororo? Mnyororo utoke wapi? Kijiji kile mbuzi walifungwa kwa magome ya miti. Mlango ulifungwa kwa waya wa breki ya baiskeli, na baiskeli ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe yuko hai, anakula na kushiba. Profesa alijibu kwa heshima kubwa, akashukuru, akasema kwa bahati mbaya chanzo cha habari hiyo hakiwezi kuthibitishwa.

Chanzo kilikuwa ndani ya katuni.

Zile katuni zilianza mwaka wake wa kwanza Uswidi, darasani, mwalimu alipowagawia wanafunzi wa lugha jarida la shujaa mwenye koti la kijani anayebeba mabasi kwa mkono mmoja. Picha zingewasaidia, alisema, na kweli zilimsaidia. Fidèle alijifunza Kiswidi kwenye mapovu ya maneno ya watu waliovaa chupi juu ya suruali, na kwa muda mrefu alizungumza na maafisa wa ofisi za serikali kama mtu aliyekuja kuiokoa dunia. Alizikusanya na alizichukia. Kila toleo mji unabomolewa, toleo linalofuata umesimama tena, na hakuna anayeuliza nani alikuwa ghorofa ya tatu jengo lilipoanguka. Maprofesa nao wana ugonjwa wa upande mwingine. Wafu wanawahesabu vizuri, kwa majedwali, ila majina hawana. Mhojiwa wa kumi na nne. Mwanamke, mkulima, umri takriban hamsini. Mtu amekupa siku mbaya kuliko zote za maisha yake, wewe unampa namba.

Wakusanyaji wa katuni wana desturi yao. Kila jarida linavishwa mfuko wa plastiki, na nyuma yake linawekewa kadibodi nyeupe, ngumu, isiyogeuka rangi, ili lisipinde. Fidèle alipoishika kadibodi ile mara ya kwanza hakufikiria mashujaa. Alifikiria: hii haiozi. Kule nyumbani aliwahi kuona mtu akishushwa garini kwenye kizuizi cha askari kwa sababu ya daftari la kurasa kumi, na gari likaendelea bila yeye. Na hapa Hallunda wageni walikuja kunywa chai, wakisimama mbele ya rafu mikono nyuma, wakichomoa kitabu kimoja kimoja, wakipekua kama wanatafuta jina lao. Hakuna aliyewahi kugusa katuni.

Kwa hiyo aliandika huko. Miaka ile ya kadi za simu za kukwangua, alipiga simu Lwashanga, Uvira, kambi za wakimbizi, kila mahali alipotawanyika mtu aliyetoka hai. Aliandika kwa mwandiko mdogo, kalamu ya wino mweusi, upande wa ndani wa kadibodi, kisha akairudisha nyuma ya shujaa. Watu arobaini na watatu, kadibodi arobaini na tatu. Kila mmoja na jina lake, anapoishi, alichoona, na nani alikuwa pale. Aliwaapia: haitatoka mpaka siku ya mahakama. Wengi bado walikuwa kulekule, mlango kwa mlango na waliowafungia jamaa zao.

"Séraphine," alisema. Hakuwa akimwita hivyo ila kukiwa na msiba.

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono. Alipomaliza kusikia, hakupiga kelele. Alikaa juu ya KIVU 2, mkono mdomoni.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Ninalala na weye miaka kumi na tisa, na hukunambia."

"Nilitaka usijue, ili usiulizwe."

"Basi sikujua. Voilà matokeo yake."

Simu ya mkewe, iliyokuwa mezani, ikalia mlio wa kundi la WhatsApp. Waswahili wa Stockholm na Viunga Vyake. Ikalia tena, kama ilivyokuwa ikilia tangu Fidèle alipoingia. Fidèle hakuwamo tena kundini. Walimtoa mwaka juzi kwa sababu ya ujumbe mrefu. Séraphine aliitazama, kisha akamnyooshea mumewe.

Ilikuwa picha. Kadibodi nyeupe juu ya meza, imefunikwa nusu na mkono. Mistari mitatu ilisomeka wazi. *Shahidi wa 1. Mama Magdalene Nabulizi. Anauza dagaa, soko la Lwashanga, kibanda karibu na mashine ya unga.* Chini ya picha Ahmed ameandika: "Salaam wapendwa. Nimekuta hizi nyuma ya katuni nilizopewa, naona ni kitu cha muhimu. Mwenyewe ajitokeze, nipo dukani mpaka saa nane."

Na chini yake, dakika kumi baadaye: "Asante sana kijana wetu kwa uaminifu. Ni nyaraka za jumuiya. Naja kuzichukua sasa hivi. Mzee Emery."

Fidèle alikuwa tayari anatafuta koti.

Emery alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Wakongo wa kusini mwa jiji. Suti iliyopigwa pasi, kiti cha mstari wa pili kanisani, mkono mwepesi wa kumsaidia mgeni kujaza fomu. Nusu ya Hallunda ilikuwa na deni la fadhila kwake. Kuhusu Lwashanga alikuwa na sentensi moja, aliyoitoa kwa utulivu kila ilipohitajika: wiki ile nilikuwa Bujumbura, nafanya mtihani. Vitabu vya Fidèle alivicheka. "Mimi nisome Mzungu anieleze nyumbani kwetu? Mimi nimetoka huko kwa miguu." Mstari wa pili kanisani, kila Jumapili, miaka kumi na moja, Fidèle ameitazama shingo ile kutoka mstari wa sita.

"Mupigie Ahmed afute ile picha," alimwambia mkewe mlangoni. "Na umwambie asimupe mutu yeyote. Mutu yeyote."

Treni ilikuja baada ya dakika saba. Kutoka Hallunda hadi Skärholmen ni vituo sita, na Fidèle alivihesabu kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Alby. Akampigia Mama Magdalene. Simu iliita mpaka ikakatika. Fittja. Akapiga tena. Aliona lile soko kichwani, meza ya dagaa, mashine ya unga ikinguruma hivi kwamba mtu akija nyuma yako humsikii. Masmo. Simu ikatetemeka mkononi, akaishika kwa mikono miwili.

Haikuwa Magdalene. Ulikuwa ujumbe wa maandishi. "Ndugu Fidèle, mwandiko wako naujua, tunausoma kila wiki kwenye mlango wa chumba cha kufulia cha pamoja. Njoo tuongee kama watu wazima. Nimeshafika. E."

Ilikuwa kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyebandika matangazo yake kila mahali, kwa mwandiko uleule, akidai haki ya Lwashanga, bila kumtaja shahidi wala waya, kwa watu waliokuwa wakisubiri nguo zao zikauke.

Duka la Ahmed lilikuwa chumba cha chini nyuma ya maduka makubwa ya Skärholmen, ngazi nne kushuka, dirisha moja linaloonyesha miguu ya wapita njia. Mashujaa walijaa kuta zote, ngumi mbele, meno nje. Ahmed alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, amezaliwa hukuhuku kwa wazazi wa Tanga, Kiswahili chake cha nyumbani kimetiwa viraka vya Kiswidi. Alisimama nyuma ya meza, kiganja chake juu ya boksi la zile kadibodi. Mbele yake, kwenye kiti pekee cha duka, Emery alikuwa ameketi na koti lake limelala mapajani.

"Huyu hapa," Emery alisema. "Msomi wetu. Karibu, msomi. Unahema kama umefukuzwa."

"Ahmed," Fidèle alisema bila kumtazama Emery. "Ile picha."

"Nimeshaifuta, mzee. Mama Séraphine alinipigia."

"Wangapi waliiona?"

Ahmed alishusha macho kwenye simu. "Kama mia na themanini. Alltså, yaani, mimi nabadilisha kadibodi na plastiki zote kabla ya kuuza, wateja wanataka mpya. Ndiyo nikakuta maandishi. Kwetu kitu cha mtu ukikiokota unakitangaza. Baba angenitukana nisingetangaza. Nilisoma mistari miwili tu nikaona, hii si yangu."

"Umefanya vizuri sana," Emery alisema. "Malezi mazuri. Sasa maliza uzuri wako, nipe boksi. Ni kumbukumbu za jumuiya. Huyu alikuwa katibu wetu, akaondoka nazo."

"Sijawahi kuwa katibu wako hata siku moja."

"Unaona? Anabishana na kila kitu. Hata kundini tulimtoa."

Ahmed hakuinua kiganja. "Wazee wangu, mimi boksi nilipewa na Mama Séraphine. Sio jumuiya. Lakini mzee Emery ni mwenyekiti, namheshimu, alimsaidia mama yangu na makaratasi ya kodi." Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Nambieni kuna nini humu."

Fidèle alifungua mdomo. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwaambia watu mambo ambayo hawakumuuliza, na sasa ameulizwa, hakuna neno lililotoka. Alikuwa amewaapia mashahidi. Akisema kilichomo, ameshawatoa. Akinyamaza, boksi linaondoka na yule aliyeketi.

Emery aliliona hilo. Alikunja koti lake taratibu, akalainisha kola kwa kidole.

"Mama Magdalene," alisema, kama mtu anayekumbuka wimbo. "Kumbe bado anauza dagaa. Karibu na mashine ya unga. Mimi nilidhani alishahama. Nina mpwa wangu pale, serikalini, kwenye ofisi ya sekta, kijana mchangamfu sana. Nitamwambia ampitie leo jioni, amsalimie. Mama mkubwa vile, anakaa peke yake." Akamtabasamia Ahmed. "Sisi huwa tunatembeleana."

Ahmed alitabasamu nusu, tabasamu likaishia njiani. Hakuelewa kilichofichwa katika maneno, lakini alielewa uso wa Fidèle.

Ndipo simu ikalia.

Fidèle aliitazama. Namba ya Kongo. Alipiga hatua kuelekea ngazini, akabonyeza, akaongea kwa sauti ya chini na ya haraka. "Mama Magdalene, funga kibanda sasa hivi. Chukua kitambulisho na dawa zako, nenda kwa masista. Jina lako limetoka. Ni kosa langu."

"Ninajua limetoka." Sauti ilikuwa kavu, na nyuma yake mashine ya unga ilinguruma kweli. "Binti ya dada yangu iko Norvège, jirani yenu, iko ndani ya kile kikundi chenu, alinitumia ile picha mbele hujajua weye. Kwanza unijibu kitu kimoja. Ile karatasi ni ya mwaka gani?"

"Ya mwaka wangu wa kwanza huku."

"Na ilikuwa wapi?"

Fidèle aliugeukia ukuta. "Nimeificha. Nyuma ya magazeti ya picha. Ili uwe salama."

Ile mashine ilinguruma muda mrefu.

"Fidèle. Mimi nina miaka sabini na moja. Hapa wote wanajua ninalala wapi. Wanajua niliona nini. Walinikuta nimesimama pale. Ulidhani wanangojea karatasi yako? Nilikupa yale maneno uyaseme. Kila mwaka ninajiuliza: Fidèle ameshayasema? Weye uliyavalisha plastiki." Akakohoa. "Uko na nani hapo?"

"Kuna kijana mwenye duka. Na Emery."

"Emery ya baiskeli?"

"Huyohuyo."

"Unifungulie sauti. Wote wasikie. Halafu unisomee."

Alirudi mezani. Aliweka simu katikati, akabonyeza, na mngurumo wa Lwashanga ukajaa chumba kile cha mashujaa. Emery alikaa wima.

"Jambo, mama," alisema kwa upole. "Habari za siku?"

"Soma, Fidèle."

Alinyoosha mkono. Ahmed alisita, kisha akainua kiganja, akachukua kadibodi iliyokuwa juu kabisa, akampa. Fidèle alivaa miwani. Mwandiko ulikuwa wake, wa mtu mwenye miaka kumi na tisa pungufu, ulionyooka.

"'Ilikuwa siku ya soko,'" akasoma. "'Walikuja saa sita mchana, wengine kwa lori, wengine kwa miguu. Wakasema kuna mkutano, tuingie ghalani, jua ni kali. Mimi nilikuwa nimeenda choo nyuma ya mti wa mparachichi. Mume wangu aliingia na watoto wawili. Niliona kwa macho yangu, hatua kama thelathini. Walipoingia wote, walisukuma mlango ule wa bati.'"

Emery aliangalia saa yake. Kwenye dirisha la juu viatu vya watu vilipita, magurudumu ya kigari cha mtoto, viatu tena.

Mstari uliofuata ulikuwa mbele ya macho ya Fidèle, mweusi, wazi. Na juu yake aliuona ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, na barua ya profesa yenye adabu zake. Haiwezi kuthibitishwa. Aliinua macho nusu, akaona ile shingo aliyoitazama kwa miaka kumi na moja, safari hii kutoka mbele. Mtu huyu hajawahi kufungua kitabu chochote kinachomhusu.

"'Wakaufunga,'" akasoma polepole, "'kwa mnyororo mkubwa.'"

Kwenye simu Mama Magdalene alivuta pumzi.

Emery alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha raha, cha mtu aliyengoja muda mrefu apewe kitu cha kushika.

"Umesikia, Ahmed? Umesikia uongo unavyotembea? Mnyororo. Mkubwa, hata. Kijiji kile hakikuwa na mnyororo hata wa kumfungia mbwa. Ule ulikuwa waya wa breki ya baiskeli. Hawa watu wanatunga, halafu wanaandika, halafu wanataka jina la mtu mwema liozee hapo. Sasa ukute na mengine yote..."

Aliishia katikati ya sentensi. Hakuna aliyemkatiza. Mashine ya unga ilizimwa, labda mteja amemaliza mahindi yake, na ukimya uliotoka kwenye simu ulikuwa mpana kuliko chumba.

Ahmed alinyoosha mkono, akaichukua kadibodi kutoka vidoleni mwa Fidèle. Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza, kama anavyosoma mtu ambaye lugha ameipata kwa masikio tu.

"Mzee," akasema. "Hapa hapajaandikwa mnyororo."

Fidèle alivua miwani.

"Pameandikwa, 'Hawakuwa na mnyororo. Emery alipindua baiskeli yake mbele ya mlango, akachomoa waya wa breki ya nyuma. Ulimkata, nikaona mkono wa kulia unatoka damu, akaufuta kwenye suruali.'" Ahmed aliinua uso. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sura ya mtu aliyeambiwa nyumba aliyolala ilikuwa makaburi. "Emery ni nani hapa?"

Emery aliingiza mkono wa kulia mfukoni mwa koti.

"Kila mtu alijua habari ya ule waya," akasema.

"Kila mutu nani?" Sauti ilitoka mezani, bila haraka. "Waliokuwa ndani hawakutoka kuhadithia. Nje, mbele ya ule mlango, tulikuwa mimi na ninyi. Weye si ulikuwa Bujumbura, baba? Ulifaulu ule mtihani?"

Emery alisimama. Alivaa koti, akakosea kifungo cha kwanza, na vifungo vyote vikafuata kosa. Alitazama boksi, akatazama kiganja cha Ahmed ambacho kilikuwa kimerudi juu yake, na safari hii vidole vilikuwa vimekunjwa.

"Sauti ya simu si mahakama," alisema. "Na mpwa wangu bado yuko pale."

"Aje," alisema Mama Magdalene. "Nimefungua simu mbele ya soko zima. Hapa niko na watu kumi na wawili, na mwenye mashine amezima ili asikie muzuri. Umusalimie mpwa wako."

Ngazi nne zilimchukua muda mrefu. Viatu vyake vilionekana dirishani, vikasimama kama vimesahau njia, vikaondoka upande usiokuwa wa treni.

Fidèle aliketi kwenye kiti, kikiwa bado na joto la mwenzake, akainuka, akaketi tena. Aliisubiri ile furaha aliyoiahidi nafsi yake kwa miaka kumi na moja ya mstari wa sita. Haikuja. Kilichokuja ni jasho, na hesabu ya mpwa kwenye ofisi ya sekta, na jioni ya Lwashanga ambayo haikuwa mbali.

"Mama, leo usilale kwako."

"Leo ninalala kwa mwenye mashine na muke wake. Kesho tutaona. Ulinichafulia maneno yangu, Fidèle. Mnyororo."

"Nilijua nilichokuwa nafanya."

"Nilielewa. Ndiyo maana nilifunga kinywa. Lakini usirudie."

"Sirudii."

Ahmed alikuwa amevuta boksi karibu, akizipanga kadibodi zilingane pembe, kwa mikono ya kazi yake, mikono iliyozoea vitu visivyotakiwa kukunjwa. "Zimebaki arobaini na mbili," alisema. "Sijazisoma, mzee, naapa. Nizirudishe kwenye katuni?"

"Hapana."

Fidèle alichukua iliyofuata, akatamka, "Shahidi wa 2." Kichwani maneno yalishaanza kujipanga: barua kwa profesa, tangazo kwenye chumba cha kufulia, polisi, kanisani kesho, asimame mstari wa sita asome zote kwa sauti mpaka paa liitikie. Alijiona akisoma. Alijisikia akisoma.

"Huyo wa pili ni nani?" Mama Magdalene aliuliza.

"Ghislaine. Mke wa fundi cherehani. Siku hizi yuko mjini Baraka."

"Uko na namba yake?"

"Ya zamani."

"Basi usisome." Mashine iliwashwa tena nyuma yake, ikabidi apaze sauti. "Usisome hata neno. Umupigie kwanza, umuulize."

Simu ikakatika. Fidèle aliishika muda, kisha akaivuta kadibodi karibu na miwani, akatafuta tarakimu kwenye kona ya chini, mahali alipoziandika miaka ile, akaanza kuzibonyeza moja moja. Ahmed alikwenda mlangoni, akageuza kibao kionyeshe duka limefungwa, akarudi akasimama nyuma ya meza.

Ikaanza kuita.